Nyonga ya Kushoto

Nyumba ile ilikuwa na saa ya ukutani, lakini hakuna aliyeitazama. Saa yao ilikuwa mwili wa Mama. Kila baada ya saa mbili ageuzwe: ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia, na kuanza upya, mchana na usiku. Mwenye kumgeuza zaidi ya wote alikuwa mke wa mwanawe, mwanamke wa miaka arobaini na saba aliyefundisha darasa la tatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha kitu.

Mama alikuwa na miaka themanini na mmoja. Kiharusi kilimnyang'anya upande mzima wa kushoto, kikamwachia mkono wa kulia na mdomo. Watu wa nyumba walisema lau angepewa nafasi ya kuchagua, angechagua hivyohivyo, na mdomo angeutaja kwanza. Zamani alikuwa mpima nafaka sokoni, mwanamke wa kunyanyua debe kwa mkono mmoja huku wa pili unamfukuza mwizi. Sasa alikuwa mwepesi kama gunia lililomwagwa, lakini kumgeuza kulikuwa kazi, kwa sababu mwili usiosaidia huwa mzito kuliko kilo zake.

Muuguzi wa zahanati alimweleza Mwalimu bila kumficha. Mgonjwa akilalia upande mmoja kupita saa mbili, damu inakatika pale mfupa unapokutana na godoro, na nyama inaanza kufa kutoka ndani, kimyakimya. Kwa ngozi nyeusi kama ya Mama usitafute wekundu, alisema. Pitisha mkono. Ukikuta pana joto na pagumu, umechelewa.

Mume wa Mwalimu alikuwa dereva wa malori ya masafa. Alionekana nyumbani mara moja kwa mwezi, akalala siku mbili, akaamka kuuliza soksi zake ziko wapi. Mwanamke mmoja wa kulipwa alikuja asubuhi mpaka saa nane, Mwalimu akiwa shuleni. Baada ya hapo mzigo wote ulikuwa wa Mwalimu. Na ndani ya maisha hayo, yasiyo na nafasi ya kupitisha sindano, Mwalimu alikwenda kujiandikisha kujifunza kuogelea.

Watu walicheka, na nani angewalaumu? Mwanamke aliyekuwa anaingia mlango wa ofisi ya walimu kwa ubavu ananunua vazi la kuogelea. Walimu wenzake walimuuliza kama bwawa limepewa taarifa, wapunguze maji mapema. Yeye alicheka nao, akarudi kusahihisha madaftari. Lililompeleka bwawani halikuwa la kuchekesha.

Muhula uliopita walipeleka watoto kwenye bwawa la mji, kama kila mwaka, wacheze upande wa maji mafupi. Msichana mmoja wa darasa lake aliteleza upande wa maji marefu. Mwalimu alikuwa hatua nne kutoka pale, filimbi iko mdomoni. Alimwona mtoto akishuka, macho yamefunguka, yanamtazama yeye. Hakuruka. Hata filimbi hakuipuliza. Alisimama tu mpaka mfagiaji, mzee wa watu mwenye mguu mbovu, alipoutupa ufagio na kujitosa na nguo zake. Mtoto alitapika maji, akalia, akapona. Wiki iliyofuata alirudi darasani, akakaa dawati la mbele kama kawaida, na kila Mwalimu alipogeuka kutoka ubaoni alikutana na macho yaleyale.

Mwalimu mkuu alikata shauri: hakuna mtoto atakayekanyaga bwawani tena mpaka shule iwe na mwalimu wake mwenyewe aliyefaulu mtihani wa uokoaji. Walimu wote waliangalia viatu vyao. Mwalimu akanyoosha mkono, kama mwanafunzi.

Mtihani ulikuwa mwisho wa muhula. Mita mia mbili bila kugusa ukuta, kisha kuzama mita tatu na kupanda na tofali la mpira mgumu, zito la kilo tano. Kocha alikuwa mwanamke mkavu aliyewahi kuwa askari, asiye na neno la ziada. Alimtazama Mwalimu kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu, akamwambia anataka kumwona siku tatu kwa wiki, kila siku saa nzima ndani ya maji. Pungufu ya hapo asije, atakuwa anajilowesha tu.

Sasa piga hesabu. Bwawa lilikuwa ng'ambo ya pili ya mji, dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi. Saa mbili za Mama zilikuwa zinaishia barabarani na kwenye chumba cha kuvalia. Ilibidi awepo mtu wa kumgeuza mara moja katikati. Mtu huyo alikuwa mmoja tu, wifi yake, binti pekee wa Mama, msusi mwenye saluni mtaa wa pili. Wifi hakusita. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na moja kamili ya jioni, atafunga saluni robo saa, atakuja kumgeuza mama yake, atarudi kwa wateja wake.

Kwa hiyo utaratibu ukawa huu. Saa tisa Mwalimu anamlaza Mama ubavu wa kushoto, anamwekea mto mgongoni wa kumzuia asirudi nyuma, na mwingine katikati ya magoti, anamfunika, anatoka mbio. Saa kumi na moja wifi anakuja kumlaza chali. Saa kumi na mbili kasorobo Mwalimu anarudi, nywele zinanuka dawa ya maji, anaendelea na zamu zake.

Na muda uliokosekana bwawani aliupata nyumbani kwa ujanja. Akisubiri uji upoe, alijaza beseni maji, akapiga magoti kando ya kitanda, akatumbukiza uso kujifunza kubana pumzi. Mama ndiye aliyehesabu, na alihesabu vibaya makusudi. Akifika ishirini na tisa anarudi ishirini na tano.

"Mwanangu," alimwambia siku moja Mwalimu alipoinuka akihema, "ukinifia ndani ya beseni, watu nitawaambia nini?"

"Utawaambia nilikuwa nanawa uso, Mama."

"Wataniuliza uso gani huo wa kunawa nusu saa. Haya, rudi. Safari hii nahesabu kwa haki."

Wiki ya kwanza Mwalimu alikunywa maji mpaka Kocha akamuuliza kama nyumbani yamekatwa. Wiki ya tatu alivuka bwawa kwa upana. Wiki ya tano alivuka kwa urefu mara tatu, akashika ukingo, mapafu yanawaka, akagundua kwamba analia na hakuna anayejua, kwa kuwa uso wote ulikuwa umelowa. Tofali tu ndilo lilimshinda. Alizama mita moja na nusu, masikio yakauma, mwili ukakumbuka yale macho, ukampandisha juu wenyewe bila ruhusa yake. Kocha alisema watu wengi huogopa kuzama, lakini yeye anaogopa kufika.

Jioni alipomuuliza Mama kama wifi alikuja, Mama alijibu kuwa alikuja, na kikombe cha chai kilikuwa pale mezani na mabaki yake. Mama mwenyewe alikuwa amelala chali, kama ilivyotakiwa. Mwalimu alimgeuza ubavu wa kulia, akamshukuru wifi yake moyoni, akaenda kuwasha jiko.

Jumapili ya wiki ya sita, wakati anamwogesha, kitambaa kilipita juu ya nyonga ya kushoto na Mwalimu akahisi joto. Aliweka kitambaa chini. Alipitisha kiganja. Palikuwa pagumu kama ubao, upana wa kifuniko cha chupa, na katikati ngozi ilikuwa imeshaanza kufunguka.

"Panauma, Mama?"

"Huko sisikii kitu, unajua vizuri. Kwani kuna nini?"

Mwalimu aliokota kitambaa. Alimaliza kumwogesha, akamkausha, akamlaza ubavu wa kulia, akamwita jirani amwangalie, akatoka na kanga yake ya ndani hivyohivyo mpaka saluni.

Wifi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama wima. Mwalimu alimwambia mbele ya yule mteja, kwa sauti ya chini aliyoitumia darasani pale jambo linapokuwa zito kweli, kwamba kama hakuwa na nafasi ya kuja angesema, yeye asingekwenda bwawani. Kwamba mama yao ameoza nyonga ili yeye akajifunze kuelea.

Wifi alibaki na kitana hewani.

"Mbona mimi nakuja? Sijakosa hata siku moja, wifi. Kila nikifika Mama ananiambia umemgeuza kabla hujatoka, nisimsumbue. Ananiambia nikae tunywe chai."

"Sijawahi kumwambia mtu hivyo."

"Basi kamuulize yeye," wifi alisema.

Mteja alikuwa ameacha kupumua, masikio yamemsimama kuliko nywele. Wale wawili hawakumwona. Walikuwa wanatazamana, kila mmoja akiona mwenziwe hasemi uongo, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mwalimu alirudi nyumbani akavuta kiti mpaka kitandani. Mama alimsoma usoni. Alijaribu kwanza kujitia kichwa kinamuuma, kisha usingizi, mwishowe akaona biashara imeharibika, akasema yote. Binti akija, anamwambia ameshageuzwa. Binti akiondoka, anasubiri. Akisikia komeo la geti saa kumi na mbili kasorobo, anapeleka mkono wa kulia nyuma na kuuvuta mto wa mgongoni. Mabega yanaanguka chali. Nyonga inabaki palepale chini ya blanketi, lakini nani afunue blanketi kutazama?

"Kila siku, Mama? Wiki sita?"

"Mto wenyewe si mzito."

"Kwa nini?"

Mama alitazama dari. Alisema binti yake tangu azaliwe hajamwona bila nguo. Hajamwona hata akiwa amelala mchana. Alilelewa na mwanamke wa madebe, anayefunga kanga kwa fundo ambalo polisi watatu hawalifungui. Sasa aje amfunue akute matako yaliyokwisha, na nepi, na mguu unaochezacheza kama wa mwanasesere?

"Wewe ni tofauti," alisema. "Wewe ulinikuta mzee. Yeye bado ana mama. Usininyang'anye hilo."

"Na mimi ungeniambia. Ningebaki nyumbani."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Mwalimu alikuwa na maneno mengi ya hasira, aliyaandaa njia nzima kutoka saluni. Aliyaacha palepale kitini. Alienda kumwita muuguzi, jeraha likasafishwa, likafunikwa. Muuguzi alisema kutoka siku hiyo nyonga ile isiguse godoro kabisa, na Mama ageuzwe kila saa moja na nusu, pande mbili tu. Akasema pia, akifunga mkoba wake, kwamba vidonda vya namna hii kwa wazee wengine hufunga na kwa wengine havifungi.

Jumatatu Mwalimu alimpelekea mkuu wa shule ujumbe kwamba amejitoa. Vazi la kuogelea alilikunja akaliweka chini kabisa ya sanduku, chini ya mashuka ya wageni. Jumanne hakwenda. Alhamisi hakwenda. Alimgeuza Mama kila saa moja na nusu kwa uangalifu ambao ulimtisha Mama mwenyewe, hakupiga magoti kando ya beseni, na usiku alikuwa akilala na viatu karibu, kama mtu wa zamu. Kwa nje ungesema ametulia. Ila darasani aliacha kuandika ubaoni. Alifundisha akiwa ametazama watoto, imla tupu, ili asilazimike kugeuka.

Mama naye alikuwa na kesi yake mwenyewe pale kitandani. Kulala kunampa mtu nafasi kubwa ya kujihukumu. Jumatano ya wiki ya pili, Mwalimu akimlisha, alifunga mdomo, kijiko kikabaki njiani.

"Unajua mimi kutwa nasikiliza mlango," alisema. "Ndiyo redio yangu. Siku za maji ulikuwa unaufungua kwa bega. Puu, kama una haraka ya kuingia. Siku nyingine unaufungua kwa mkono, polepole, kama unaingia kwenye nyumba ya mtu. Sasa ni siku ya kumi na moja unaufungua kwa mkono."

Mwalimu alisema mlango ni mlango tu, na uji unapoa.

"Uache upoe. Umebakiza siku ngapi za huo mtihani wako?"

"Kumi na sita. Na sio wangu tena."

"Kesho mwite binti yangu. Saa nane na nusu, wewe ukiwepo. Mwambie asije na mteja kichwani, aje na nafasi." Alifungua mdomo apokee uji, akaumeza, akaongeza kwamba wakikuta amebadilisha nia, wasimsikilize.

Alhamisi wifi alikuja na gauni la kutokea, kana kwamba ameitwa kanisani. Alisimama mlangoni. Mwalimu alimwambia anawe mikono, akamwonyesha pa kusimama, kisha yeye mwenyewe akarudi ukutani na kuifunga mikono nyuma, kwa kuwa aliijua mikono yake, ingekwenda kusaidia yenyewe.

Alimwelekeza kwa maneno tu. Kwanza funua blanketi lote. Toa mto wa magotini. Kunja goti lile la mbali. Mkono mmoja begani, mwingine nyuma ya paja, nyonga usiiguse. Usimvute kama gunia. Mvingirishe aje kwako.

Wifi alifunua blanketi akiwa ametazama dirishani. Uso wote ulikuwa dirishani, shingo imepinda, machozi yameshajaa, na mikono, ile mikono iliyozoea vichwa vya watu na isiyokosea mstari hata gizani, ilikuwa inapapasa hewani kutafuta bega la mama yake. Ilikuwa ni heshima. Ilimpata sikio, ikampata titi, ikakimbia kama imeungua.

Mama alikuwa amefumba macho kwa nguvu. Kwa kitambo walikuwa hivyo, mmoja kafumba, mwingine kageukia nje, na katikati yao kile walichokuwa wanakikimbia wote wawili kimelala wazi kwenye shuka. Mwalimu alikaribia kusogea. Alijizuia.

Mama ndiye aliyefungua macho kwanza.

"Niangalie," alisema.

Wifi alitikisa kichwa.

"Niangalie, mwanangu. Huwezi kunigeuza ukitazama dirisha, utanimwaga chini. Haya. Ndio mimi huyu. Hakuna mwingine anayekuja."

Wifi aligeuza shingo. Alitazama miguu kwanza, kisha polepole akapanda, kama mtu anayesoma barua asiyotaka ifike mwisho. Alipofika kwenye kitambaa cha nyongani alitoa sauti ndogo. Hakukwepa. Alifuta pua kwa mkono wa lile gauni la kutokea, akakunja goti la mbali, akashika bega, akashika paja, akamvingirisha mama yake aje kwake mpaka kifua cha yule mzee kikagusa tumbo lake. Alimshikilia pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Sasa mto," Mama alisema ndani ya gauni. "Au unasubiri nimee mizizi?"

Mwalimu alitazama saa ya ukutani, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mama, akiwa ameshawekewa mto, alimuuliza bila kumtazama kama mashuka ya wageni yanahitaji mtu wa kuyafunua, au anajua mwenyewe kilichopo chini yake. Mwalimu hakuuliza amejuaje. Alikwenda sandukuni.

Siku kumi na tano hazitoshi kumfanya mtu muogeleaji, na Kocha alilisema hilo waziwazi. Alimpa nusu saa tu kila siku, ya tofali peke yake. Wifi alifunga saluni saa nzima kila jioni, wateja wakanung'unika, baadhi wakahama. Siku ya mtihani Mwalimu alizimaliza zile mita mia mbili akiwa wa mwisho kabisa, nyuma ya vijana waliokuwa wameshajikausha. Alipozama mara ya kwanza alirudi mikono mitupu. Waliruhusiwa mara mbili. Alikaa ukingoni akavuta pumzi tatu, na ya nne akashuka nayo, macho wazi. Masikio yalimuuma pale yanapouma siku zote. Hakurudi. Tofali lilikuwa pale chini limetulia, likimngoja, na alilifikia.

Nyumbani aliwakuta katikati ya kugeuzana. Alisimama mlangoni akingoja wamalize, maji yakimtiririka mgongoni. Kidonda kilikuwa bado wazi, wifi alikuwa akikisafisha na kukiongelesha kama anamtuliza mteja mwenye kichwa chororo, na Mama alikuwa akitazama ukuta, amevumilia. Muuguzi alipokuja asubuhi ya siku hiyo alisema hakijaongezeka. Zaidi ya hapo hakusema, nao hawakumuuliza.

"Umelipata?" Mama aliuliza ukuta.

"Nimelipata, Mama."

"Lilikuwa zito?"

Mwalimu alifikiri kidogo, asije akamdanganya.

"Kule chini sio zito. Uzito unaanza ukishalitoa majini."

 Mama alimwambia binti yake asogeze ule mguu, umekaa vibaya, na binti akausogeza.